Mzee Muhigirwa Vénuste na Vumbi la Kashuli

Mzee Muhigirwa Vénuste alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Kashuli, kambi ya makaa ya mawe juu ya milima ya Kongo, ambako baba yake alikwenda kutafuta kazi akitoka hapa kijijini kwetu Nkungu. Wakati ule Kashuli ilikuwa na nyumba arobaini. Mwaka 1974 watu walifikia elfu moja na mia tisa, wakiwa na baa mbili, shule moja na dispensari isiyo na dawa. Leo wamebaki ishirini na saba, na mto bado ni mweusi.

Alisoma hadi darasa la tano, akaacha baba yake alipovunjika mgongo mgodini.

Aliingia mgodini mwaka 1966, akawa kapita wa kuongoza kikosi cha wachimbaji, akatoka mgodi ulipofungwa mwaka 1991. Vitambaa vya kufunika pua vilikuwepo, vimefungiwa dipo, ghala la mgodi. Viligawiwa siku wageni wa ukaguzi walipokuja, jioni vikakusanywa, vikahesabiwa kama vijiko vya harusi. Mzee alikuwa akitema mate akisimulia hayo.

Mwaka 1977 alimuoa Maman Emerance. Siku ya harusi alioga mara tatu, lakini jasho lake lilichora mkono mweusi mgongoni mwa gauni la bibi harusi. Maman alicheza nalo hivyo hivyo hadi mwisho.

Walirudi Nkungu mwaka 1996, wakalima maharage na kuyauza mjini Kamembe.

Kikohozi kilianza mwaka 2011. Alitemea ndani ya kopo, na kilichotoka kilikuwa cheusi, miaka ishirini baada ya kuacha mgodi. Daktari alisema ni vumbi la makaa. Alifariki tarehe 6 Novemba 2024, saa mbili asubuhi, akiwa ameketi, maana kulala kulimnyima pumzi.

Juzi, msimamizi wa zamani wa mgodi alileta kutoka Kamembe sanduku la kuzikia, la kung'aa, lenye mishikio ya dhahabu. Aliomba kitu kimoja: karatasi hii ninayowasomea iseme marehemu aliugua kwa muda mfupi.

Papa Bruno, mdogo wa marehemu, alisema, "Andika tu vile. Hawa bantu banatusaidia, tusibahaibishe."

Maman Emerance akamjibu, "Miaka kumi na tatu ya kukohoa, ndiyo mufupi? Basi na ndoa yetu ilikuwa ya kupita tu."

"Shemeji, sasa tutamuzika na nini?"

"Na mbao. Barudishiwe sanduku yabo."

Ndiyo maana mnaona mbao za mkaratusi, alizopigilia jirani yetu Ndagijimana jana mchana. Bado zinanuka utomvu. Sanduku lile limerudi Kamembe juu ya pikapu, tupu.

Ameacha mjane, Maman Emerance. Watoto watatu, Parfait, Benitha na Jolie. Mdogo wake, Bruno, aliyebeba mbao hizo mwenyewe. Na wajukuu tisa.

Mzee wetu, sasa lala chali, uvute pumzi yako kwa amani.