Injini Kumi na Nne za Fundi Nati

Fundi Nati, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa mpiga kengele wa stesheni. Marehemu mama yake alisimulia kwamba alianza kuigiza honi kabla hajajua kuita "mama".

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, kisha chuo cha ufundi. Hesabu alizipenda; zenyewe hazikumpenda.

Mwaka 1968 aliajiriwa karakanani kutengeneza injini za mvuke. Jina lake lilitokana na mifuko yake, iliyotoboka kwa kubeba nati. Tarehe 14 Septemba 1974 alimuoa mshonaji aliyekuwa akimzibia mifuko hiyo.

Alipostaafu mwaka 2003, injini kumi na nne alizozihudumia zilikuwa zimetawanyika, nyingine zikingoja kukatwa ziwe chuma chakavu. Binti yake alipomnunulia kamera ndogo ya dijitali mwaka 2009, aliapa kuzipiga picha zote, kila moja upande wa kushoto, namba ionekane.

"Kulia ni sura tu," alisema. "Kushoto ndiko nilikoumia vidole."

Akapata kumi na tatu.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019, lakini kilichomkosesha raha zaidi ni ile ya kumi na nne, injini namba 31. Ijumaa, 18 Juni 2021, habari zikaja: imo kwenye ua wa kiwanda cha mbao, na wakata chuma wanaifuata Jumatatu. Yeye hata kuketi hakuweza. Mkewe, ambaye hakuwahi kushika kamera, akaitia mkobani akaenda.

Alirudi na picha arobaini. Thelathini na tisa zilikuwa za kidole chake.

"Mama watoto, hiki kidole nacho kilikata tiketi?"

"Acha maneno, tazama ya mwisho."

Aliikuza mpaka namba ikajaa kioo. Kidole kilikuwa pembeni, lakini 31 ilisomeka, tena upande wa kushoto.

"Ndiyo yenyewe," akasema, akalala fofofo mchana kutwa. Mkewe alikaa kando ya kitanda akalia kwa faraja.

Alifariki nyumbani Jumatatu, 21 Juni, saa nne asubuhi, bila kuhangaika. Tuna majonzi, lakini hatutaficha: kwa alivyoteseka, nasi tumeshusha pumzi.

Ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili na wajukuu watano. Picha iliyo nyuma ya ratiba hii ni ya namba 31. Mpiga chapa alitaka kukiondoa kidole, mjane akakataa. Mumewe alikuwa ameshaagiza: "Kiacheni. Ndicho kilichofika kwa niaba yangu pale miguu yangu iliposhindwa."

Pumzika kwa amani, Fundi. Zote kumi na nne zimo kamerani.