Magoti ya Mwalimu Tryphena

TRYPHENA: Haloo, nani mwenzangu?

CYNTHIA: Ni mimi Cynthia, Mama. Nimeona umeniflashi asubuhi. Siku moja hata wewe utapiga simu?

TRYPHENA: Salio nawekea dharura. Umeshindaje? Joto la Voi?

CYNTHIA: Liko palepale. Mbona unakwaruza hivi, uko wapi?

TRYPHENA: Kwa zizi. Huku Mwanda mlimani leo ni ukungu mtupu, mtandao hauoni njia.

CYNTHIA: Sikia. Niko lanchi, nikirudi wodini sitapata nafasi. Danson yule mhudumu wa afya amenitumia vipimo vyako vya juzi.

TRYPHENA: Eeh. BMI ishirini na moja nukta tatu. Niko katikati kabisa. Mwambie bwanako Lewis asinunue kitanda, sihamii Voi.

CYNTHIA: Ngoja. Tulikubaliana ikiwa chini ya kumi na nane na nusu, unashuka kukaa na sisi—

TRYPHENA: Na si chini. Haya, msalimie Lewis—

CYNTHIA: Mama, urefu wako ni ngapi?

TRYPHENA: Unapotea, mwanangu. Huu mtandao...

CYNTHIA: Mtandao uko. Danson ameandika mita moja nukta nne mbili. Mwezi wa kwanza ulikuwa moja nukta tano sita.

TRYPHENA: Wazee hupungua.

CYNTHIA: Hupungua kidogo kidogo, kwa miaka. Wewe umepungua urefu wa simu nzima, na mwaka haujafika nusu.

TRYPHENA: Huku kuna baridi.

CYNTHIA: Ulikunja magoti.

TRYPHENA: Nani amekwambia?

CYNTHIA: Ulikuwa umevaa nini?

TRYPHENA: Ile gauni ya kanisani. Ile ndefu.

CYNTHIA: Inayofagia chini. Na Danson hakuona?

TRYPHENA: Danson nilimfundisha darasa la nne. Nikimwambia atazame juu, anatazama juu.

CYNTHIA: Aki Mama.

TRYPHENA: Si yeye mwenyewe ndiye alinieleza? Kilo unagawa kwa urefu, halafu jibu unaligawa tena kwa urefu. Nikaona, kumbe hapa mtu mfupi ndiye anapata alama. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, nisiitumie hata siku moja?

CYNTHIA: Na miguuni?

TRYPHENA: Gambuti zangu za mpira. Na masweta mawili juu, nilikuwa nimetoka kukama.

CYNTHIA: Gauni ya kanisani na gambuti. Sawa. Nimetoa kilo mbili za gambuti na masweta, nikanyoosha magoti. Ni kumi na sita nukta nane. Hiyo si wembamba wa ukoo. Huli.

TRYPHENA: Nakula. Hata sasa niko na kimanga hapa, nimeponda mihogo na maharagwe.

CYNTHIA: Kwa zizi? Haya, weka spika nisikie.

TRYPHENA: Unanifanya mtoto sasa.

CYNTHIA: Weka.

TRYPHENA: [Mkwaruzo. Kutafuna, polepole, kwa muda mrefu.] Umesikia? [Kutafuna kunaendelea.]

CYNTHIA: Unatafuna na kuongea kwa wakati mmoja?

TRYPHENA: Nimemeza ka— [Mlio mrefu wa ng'ombe.]

CYNTHIA: Mama. Huyo ni ng'ombe.

TRYPHENA: [Anacheka.] Na yeye ni wa nyumba hii.

CYNTHIA: Mimi sicheki. Naogopa. Hata Baba alianza hivi, shati likamlegea, tukasema ni kazi ya shamba.

[Mkwaruzo.]

TRYPHENA: Kimanga kiko jikoni. Usidhani sipiki, napika kila siku. Nikipakua nikakaa mezani, kile kiti chake kiko pale mbele yangu. Chakula kinakataa kushuka, Cynthia.

CYNTHIA: Si ungeniambia?

TRYPHENA: Ungenileta Voi. Na hapa nani atabaki na— [Mtandao unakwaruza.] Nani atakama?

CYNTHIA: Hicho kimanga kimepoa?

TRYPHENA: Ni vuguvugu.

CYNTHIA: Pakua. Mimi pia niko na chapati na ndengu hapa, sijagusa. Simu uiweke kwa kiti cha Baba.

TRYPHENA: Kwa kiti chake?

CYNTHIA: Kwa kiti chake. Tule.

[Mlango. Sufuria. Kiti kinaburutwa.]

TRYPHENA: Umefika?

CYNTHIA: Nimefika. Anza.

[Kijiko. Kijiko. Kijiko kinawekwa chini.]

CYNTHIA: Usiache.

TRYPHENA: Usinikimbize. Na ile habari ya kuhama?

CYNTHIA: Jumamosi nakuja na mizani yangu. Kilo zikianza kupanda, unabaki kwako. Na magoti nitayashika mwenyewe.

TRYPHENA: Nitavaa sketi fupi uyaone vizuri.

CYNTHIA: [Anacheka.] Ongeza kijiko. Eh, salio langu limeanza kulia—

TRYPHENA: Usikate, sahani bado iko nu—

[Simu imekatika. Simu ya Cynthia inaita.]

CYNTHIA: Haloo? Mama? Ni wewe umepiga?

TRYPHENA: Ni mimi, kwa salio langu. Sahani iko nusu. Haya, tafuna nikusikie.