Daktari Ombui na Utumbo Uliokataa Kuharakishwa

Mwisho wa mwezi huu Dkt. Haron Ombui anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya upasuaji hapa Keroka. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wameshaanza kutembea polepole, kwa majaribio.

Hakuna aliyewahi kumshinda kwa kasi. Alipasua, akashona na kuvua glavu huku mtaalamu wa usingizi bado anatafuta kiti. Waliofikiri kabla ya kujibu aliwaita wavivu. Mikono yake ilikuwa mizuri kweli. Subira ndiyo hakujaliwa.

Mwaka juzi alimwondolea Joyline Ochoki, mkulima wa chai kutoka Nyamira, uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana, kisha akaziunga ncha mbili za utumbo. Kazi safi. Lakini akataka Joyline aanze kemotherapi, dawa kali za saratani, kabla hata nyuzi za tumboni hazijatolewa. Daktari wetu wa saratani, Trisha, alimpinga pale pale wodini.

"Dawa hizi huua seli zinazozaana haraka," alisema. "Na kidonda kinahitaji seli hizo hizo ili kipone. Mpe wiki chache, mshono ushike."

"Saratani haitungoji, binti yangu," Ombui akajibu. Na kwa kuwa mkuu wa idara alikuwa yeye, dawa ikaanza.

Mshono uliachia. Joyline akapandwa na homa, tumbo likawa gumu kama ubao, uchafu wa utumbo ukivujia ndani. Ombui alimfungua tena, akamwokoa, akamwacha na mfuko wa kukusanyia choo ubavuni. Alipozinduka, Joyline alimuuliza:

"Daktari, ulikuwa unawahi wapi?"

Kesho yake Ombui alimwomba Trisha msamaha mbele ya idara nzima, jambo ambalo tulidhani lingehitaji dawa ya usingizi. Safari hii kemotherapi ilisubiri mpaka mwili upate nguvu. Baadaye mfuko ukaondolewa, na leo Joyline anachuma chai yake.

Tangu hapo Ombui amehubiri subira kama kitu alichokivumbua mwenyewe. Aliandaa mafunzo, akayapa jina lake, na Trisha akaruhusiwa kubeba projekta. Somo lenyewe, hata hivyo, lilikuwa sahihi, na wagonjwa wengi wamepona kwa sababu yake.

Daktari, asante kwa mikono hiyo, na kwa kukiri kosa ukiwa bado na cheo. Tunakuombea afya njema na siku tulivu nyumbani Kenyenya. Joyline atakuwepo kwenye sherehe, na ameomba azungumze kabla ya wakuu. Hatujamuuliza atasema nini.