Mama Alisikia Baridi Nyumbani Kwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, ninyi mnaonijua kwa sura na ninyi mliosikia jina langu tu! Nimeandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyesoma darasa mbili nikaacha. Mwandiko ni mbaya, lakini habari ni ya kweli.

Sikurithi kitu. Baba aliniachia jembe. Nilikwenda Makongolosi kwa miguu, nikachimba dhahabu ya watu, kisha nikaanza biashara yangu ya kuwauzia wachimbaji mchele na maharage. Hakuna aliyenishika mkono! Nikajenga nyumba ya bati hapa Kihesa, Iringa, nikaijaza. Muulizeni yeyote: kitanda cha chuma cha kwanza mtaa huu kilikuwa cha nani? Na gramafoni? Na saa ya ukutani ya kugonga? Nilikuwa na viti ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia, na sahani ambazo hazijaona ugali.

Lakini fahari yangu kubwa ilikuwa blanketi. Nilikuwa nazo kumi na moja, nyekundu, nzito, za dukani kwa Mhindi. Kila mwaka baada ya mavuno nilizianika juu ya ua, wapita njia wazione. Kisha nilizikunja mwenyewe, nikazifungia sandukuni, ufunguo nikauning'iniza kwenye mkanda wangu pamoja na funguo nyingine. Nikienda Makongolosi, ufunguo unakwenda na mimi. Mke wangu, Mama Yohana, na watoto walilala na blanketi kuukuu mbili. Niliona zinawatosha.

Ndugu zangu, mwaka ule baridi ya mwezi wa sita ilikuja vibaya. Mama yangu mzazi akashuka kutoka milimani kuja kutuona, kifua kimembana. Mimi sikuwepo. Mke wangu akampa blanketi moja kati ya zile mbili, haikusaidia. Akaenda kuazima kwa majirani. Wakampa, lakini na maneno juu yake: yaani kwa tajiri wa blanketi ndiko blanketi zimekwisha? Akarudi analia, akachukua shoka avunje kufuli. Mama akamshika mkono.

"Acha, mkwe wangu. Kufuli la mtoto wangu usivunje. Amehangaika sana kuvipata hivi vitu. Atakuja mwenyewe kufungua."

Mke wangu akanitumia habari kwa dereva wa lori: mama anaumwa, njoo upesi, njoo na ufunguo. Niliondoka siku ileile. Hilo nilifanya. Lakini Mbeya nilikuwa nimeagiza kabati kwa fundi, lenye kioo cha kujiona mpaka miguuni, nikapita kulichukua. Lori la Iringa lilikuwa tayari linaunguruma. Dereva akalitazama kabati, akanitazama na mimi.

"Mzee, wewe panda. Hilo jeneza lako libaki."

Watu wakacheka. Nikamjibu mbele yao, "Mimi na kabati langu ni kitu kimoja." Lori likaondoka.

Nilingoja siku mbili, nalifuta vumbi. Siku ya tatu tukapata lori lenye nafasi. Tuliposimama Igawa nikamnunulia mama kuku wa supu, nikajiona mtoto mwema.

Nilishuka Kihesa na kuku mkononi. Watu walikuwa wamekaa nje. Mama alikufa asubuhi ya jana yake. Walikuwa wananingoja tuzike.

Nilifungua lile kufuli. Blanketi zilikuwa nzuri kama siku nilipozinunua. Nikamfunika mama na moja. Nikaweka ya pili. Nikaweka ya tatu. Mke wangu akanishika bega.

"Baba Yohana, sasa hasikii baridi."

Ndugu zangu, sikuokoka siku hiyo. Nilimlaumu dereva, nikamlaumu mke wangu kwamba hakuvunja. Nilikaa na hasira miezi mingi. Jumapili moja nikapiga magoti kanisani, na funguo zikalia kiunoni mwangu. Kila nikiomba, zinalia. Nikaelewa ni nani aliyefungiwa. Nikafungua mkanda, nikaziweka mbele ya wote, nikalia kama mtoto. Hapo ndipo Yesu alinifungua!

Blanketi nilizigawa kwa vikongwe wa milimani. Gramafoni na saa vilikwenda. Kabati fundi alilipasua, likawa benchi mbili, ninyi mnaosali hapa mnazikalia. Hakuna mtu Kihesa aliyegawa kama mimi! Mnaona? Bado Bwana ananishughulikia.

Namshukuru, lakini sitawadanganya kwamba moyo hauumi. Mwezi wa sita ukiingia, nikivuta blanketi naona aibu. Basi nawaomba, mtumainini Yesu kabla ya vitu. Ulichokifungia, kakifungue leo, mwenye baridi akiwa bado hai. Mlango wangu hauna kufuli tena, na nyumbani ipo blanketi moja ambayo haina mwenyewe. Baridi ikikukuta Kihesa, sukuma tu uingie.