Maneno Niliyoyafasiri Mwera

Mheshimiwa Liwali, Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, uliyekubali kuketi nasi, masheikh na mapadri, makarani wenzangu, jamaa zangu wa Nguvumali na Makorora: wazee nawaamkia shikamooni, na wengine wote nawasalimu.

Mmeniandalia karamu kana kwamba nimestaafu. Sikustaafu. Mimi Idarusi, mkalimani wa boma kwa miaka kumi na tisa, nimefukuzwa, na pilau ya Bi Mastura, ijapokuwa tamu, haitalibadili neno hilo.

Desturi ya kazi yetu mnaijua. Bwana akisema "mimi", mkalimani naye husema "mimi". Basi mwaka jana watu wa Mwera waliitwa barazani kwa habari ya kilimo cha mihogo. Bwana Shauri akaiacha mihogo, akageukia siasa, nami nikatamka kwa sauti yangu mbele ya wazee: "Mimi nasema chama hiki cha Waafrika ni cha wahuni. Ingieni kile kingine." Mzee Uweso, aliyenisomesha Kurani, akaniuliza, "Idarusi mwanangu, ndiwe wasema hayo?" Sikumjibu, maana mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake. Tangu siku ile hakuupokea mkono wangu, na mwezi wa Rajabu tumemzika. Linaniuma hilo kuliko kazi.

Ile iliitwa kazi ya serikali. Lakini Jumapili moja, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda kwa miguu Makorora kukifasiria chama kile kile maneno ya mgeni wake wa ng'ambo. Jumatatu nikakuta barua mezani: mtumishi wa serikali haruhusiwi siasa!

Bwana Shauri, kinywa ni hiki hiki kimoja. Kama maneno ya Mwera yalikuwa sehemu ya wajibu wako, yameandikwa wapi? Na kama hayakuwamo, mbona barua imeandikiwa mimi peke yangu?

Namwona Kristofa, mkalimani mpya, ameketi kando ya Bwana Shauri na ameacha kumfasiria maneno yangu tangu nilipoitaja Mwera. Kristofa, ndugu yangu, hofu yako naijua, una watoto wanne, wala sikulaumu. Lakini fasiri yote. Ila kwa leo ivunje desturi, usiseme "mimi". Sema, "Idarusi anasema." Mimi kule Mwera sikupata wa kuniruhusu niseme, "Bwana anasema."

Nawashukuruni nyote kwa kunitegea masikio. Haya Kristofa, tunakusikiliza.