Mashuka Njiani mwa Mwenge

Fundi saa alifumba macho ndani ya basi, lakini masikio aliyaacha wazi. Kiti cha mbele yake, bwana aliyevaa fulana ya waandalizi wa mbio za mwenge wa michezo alikuwa akimbembeleza mama dobi. “Mama yangu, tulitangaza kila nyumba ya barabarani ianue nguo. Leo dunia nzima inatazama, na wewe umetundika mashuka!”

“Si yamefuliwa? Aibu iko wapi?”

“Wageni, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

“Wenyeji wako hospitali, mwanangu, na mashuka ni yao. Watalalia nini, bendera?”

Fundi saa akageuza kicheko kuwa kikohozi.

“Basi wenzangu watayaanua.”

“Waje. Watanikuta chini ya kamba.”

Karibu na kwa mama dobi basi likasimama, maana askari walikuwa wamefunga njia na mwenge unakuja. Abiria wakakimbilia madirishani. Mama dobi akainama, akavuta beseni kutoka chini ya kiti. Lilijaa mashuka mabichi. Maji ya mtaani kwake yalikuwa yametumika kuoshea barabara ya mwenge, ndiyo maana alikwenda kufulia kwa dada yake.

“Nishikie upande huo, mwanangu,” akamwambia mwenye fulana. “Yale niliyaanika nyuma; haya ndiyo ya kuanika mbele, barabarani.”