Fomu Niliyoijaza Mara Mbili

Ndugu zangu, nilianguka kifafa mbele ya watoto arobaini na watatu wa darasa la nne, chaki ingali mkononi, na Jumatatu iliyofuata nilirudi kuwafundisha watoto wale wale. Ndio, mimi huyu! Nisameheni, nimeanza kabla ya kuwaamkia: asalaam aleikum, hamjambo nyote mnaoishi na kifafa kama mimi. Sasa nitaeleza kwa mpangilio.

Mimi ni mtu wa Kibokoni. Nilianza kuanguka nikiwa na miaka kumi na miwili, lakini nyumbani neno kifafa halikutajwa. Walisema nina kisunzi. Vidonge nilivipata kliniki, kimoja asubuhi kimoja jioni, nikivimeza kwa kujificha kama mtu anayeiba sukari.

Mwaka juzi nikaitwa chuo cha ualimu. Furaha iliyoje! Pamoja na barua ilikuja fomu, na katikati ya fomu swali: una maradhi yoyote ya kudumu? Nikampelekea Mama.

"Andika hapana," akasema.

"Na hivi vidonge, Mama?"

"Vya kisunzi hivyo. Nyumba hii haina kifafa. Mdogo wako ana posa, wataka watu wale warudi na posa yao?"

Nikaandika hapana. Kwa wino, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mama akatia sahihi.

Chumbani tulikuwa wasichana wanane, vitanda vya ghorofa vinne. Mimi nikapata cha juu. Ningeomba cha chini ningeulizwa sababu, basi nikanyamaza, nikapanda.

Miaka hii ya tisini Ramadhani inatuangukia muhula wa kwanza, na mwaka jana ilitukuta kwenye mazoezi ya kufundisha, mimi katika shule moja ya Ganjoni. Daktari alikuwa amenieleza vizuri: kidonge kimoja wakati wa daku, kimoja baada ya kufuturu. Lakini daku sisi tuliofunga tulikula kwenye sinia moja, macho kwa macho. Nani angemeza kidonge pale asiulizwe? Nikakiacha cha daku. Siku ya kwanza salama. Ya pili salama. Nikaanza kujiona nimepona, jamani! Siku ya sita, nikiandika desimali ubaoni, sikujua tena kitu.

Nilizinduka nimelazwa ubavu, mtandio wa mtu chini ya kichwa. Mwalimu wa darasa lile, mama wa Kigiriama, alikuwa amewazuia waliokuja mbio na kijiko cha kunitia mdomoni. "Mwacheni! Msimshike!" Naambiwa sauti yake ilifika barabarani.

Kesho yake mkuu wa chuo, mwanamke asiyecheka ovyo, akaniita. Fomu yangu ilikuwa mezani.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, mwalimu."

"Umeandika huna maradhi. Jana ilikuwa nini?"

"Kisunzi."

"Binti, kisunzi hakimtoi mtu povu. Sema."

"Kifafa," nikasema, nikangoja kufukuzwa.

"Walala kitanda kipi?"

"Cha juu."

Akasimama wima. "Cha juu! Na sakafu ile ya saruji!" Akafungua mtoto wa meza, akatoa fomu mpya. "Swali hili tunauliza ili tujue nani alale chini. Lakini umetudanganya, na mzazi wako alitia sahihi. Ijaze upya, naye atie sahihi upya, niipate Ijumaa. Bila hiyo, hurudi darasani."

Nikaenda Kibokoni. Mama alikuwa akikaanga kaimati za futari. Akalisoma neno nililoandika, akanirudishia karatasi.

"Sitii sahihi."

Ndipo nikamwambia nilivyokuwa nikilala miezi yote ile: nimejifunga khanga kiunoni, ncha yake kwenye chuma cha kitanda, nisije nikaanguka.

Mama akaepua karai. "Umejifunga? Kama mbuzi?"

"Ndio, Mama."

Akajifuta mafuta mikononi. Kisha akauliza kalamu iko wapi.

Jumatatu nikaingia darasa la nne. Mtoto mmoja akainua mkono. "Mwalimu, ulikufa?"

"Sikufa. Nina kifafa. Nikianguka tena, nilazeni ubavu, mkamwite mwalimu."

"Na kijiko?"

"Kijiko ni cha uji."

Wakacheka, nami nikacheka, tukarudi kwenye desimali.

Watu wa posa walisikia. Walikaa wiki tatu bila kuonekana, kisha wakaja, na harusi ikafanyika.

Namshukuru mama yule wa Kigiriama, mkuu wa chuo, muuguzi wa kliniki aliyenileta kwenye kikundi hiki, na Mama yangu, ambaye sahihi ile ilimgharimu kuliko mnavyodhani. Nililojifunza ni hili: uongo wangu haukunikinga na chochote, ulinipandisha juu tu. Mwambieni walau mtu mmoja anayelala chumba kimoja nanyi.

Mwezi uliopita nilifaulu mtihani wa mwisho. Pigeni makofi, sikatazi! Fomu ya kuomba kazi nayo ina swali lile lile, nami nimeandika: ndiyo, kifafa. Wenzangu wote saba wa chumbani wameshapata barua za shule watakazofundisha. Yangu, hadi asubuhi ya leo, haijafika.